Ripoti ya Mayai Haifunguki Haraka? Angalia Folda Kabla ya Kuongeza Bando

Mwezi huu wafugaji watatu wa kuku wa mayai wameniuliza kitu kile kile: "Afisa, Power BI inazunguka tu. Nabonyeza Refresh, naenda kulisha kuku, narudi bado." Wote watatu wanaweka faili za Excel za kila banda kwenye SharePoint ya kikundi, na ripoti inazivuta kutoka huko.

Si jambo dogo. Kuku 1,000 wa mayai wanakula kama kilo 115 za chakula kwa siku. Utagaji ukishuka leo na wewe ukaja kuuona wiki ijayo kwa sababu ripoti imegoma, kilo 800 hivi zimeshaliwa na bado hujui kama tatizo ni chakula, maji au ugonjwa.

Wengi wanakimbilia bando kubwa zaidi. Subiri, pima kwanza. Nakili folda yenye faili hizo kwenye kompyuta yako, kisha tengeneza ripoti ya majaribio inayosoma nakala hiyo. Ikifunguka chap, faili zako ni nzima, shida iko kwenye njia ya kuzifikia. Ikiendelea kusuasua, shida iko ndani ya faili au kwenye hatua ulizopanga.

Tuanze na njia, maana ndiyo inayowasumbua wengi. Ukichagua kusoma folda ya SharePoint, programu inaandika hatua ya kwanza yenye maneno SharePoint.Files. Amri hiyo inaorodhesha faili zote za tovuti nzima ya kikundi, kila folda, ndipo ichuje zile unazotaka. Ni kama kuhesabu magunia yote ya ghala la ushirika ili utoe moja la pumba. Kikundi kimoja nilichokitembelea kilikuwa kimejaza humo picha za kuku wagonjwa, mihtasari ya vikao na risiti za dawa. Picha zenyewe hazipakuliwi, lakini kila moja lazima iingie kwenye orodha, na orodha hiyo hutengenezwa kila unapobonyeza Refresh.

Dawa yake: hifadhi kwanza nakala ya ripoti. Ndani ya Power Query, bofya hatua ya Source, badilisha neno Files liwe Contents, ufute hatua zinazofuata. Sasa ingia folda moja baada ya nyingine kwa kubofya neno Table mpaka ufike kwenye folda ya mabanda, halafu panga hatua zako upya. Ni kazi ya mara moja, na kwa kikundi chenye mafaili mengi utaona tofauti siku hiyo hiyo.

Kama unahitaji faili moja tu, usipite kwenye folda kabisa. Ifungue kwa Excel iliyo kwenye kompyuta, nenda File, Info, kisha Copy Path. Bandika anwani hiyo kwenye chaguo la Web, ila ufute ?web=1 iliyo mwishoni.

Kwenye faili zenyewe, bonyeza Ctrl na End kwa pamoja. Kama una rekodi za siku 200 na Excel inakurusha hadi mstari wa laki kadhaa, basi huenda kuna mtu alipaka rangi mistari mingi mitupu. Futa mistari hiyo mitupu, hifadhi. Rekodi za miaka iliyopita ambazo hazibadiliki ziweke kuwa CSV, zinasomeka haraka kuliko Excel. Safu usizozitumia ziondoe mapema, kabla ya kuunganisha jedwali la mayai na la chakula.

Kwa walio na mtandao wa kubahatisha, mimi napendelea OneDrive ilandanishe folda ya mabanda kwenye kompyuta, ukiiweka ibaki humo muda wote, na ripoti isome hapo. Kinachoshuka ni mabadiliko tu, na bando linapumua. Ila ripoti ikishapandishwa mtandaoni haitaweza kujisasisha yenyewe kutoka kompyuta yako bila kusakinisha programu ya kati ya Microsoft iitwayo gateway, na kompyuta iwe imewashwa. Mwenye kutaka wanachama waione kwenye simu kila asubuhi abaki na SharePoint.Contents.