Somo la Vikundi: Tutunze Difu ya Gari la Maji

Leo tutajifunza juu ya kitu ambacho wengi wetu hatukioni kwa sababu kimefichwa chini ya gari. Ni difu ya nyuma. Somo hili ni la madereva na mafundi, lakini pia ni la mwenyekiti, katibu, mweka hazina na kila mwanachama aliyetoa mchango wake gari likanunuliwa.

Kwa nini tunalizungumzia? Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo katika Kaskazini Mashariki. Wakati kama huo silanga hukauka, na kijiji kilicho mbali na kisima hungoja maji yaletwe kwa gari. Gari likilala njiani kwa sababu difu imekufa, si chuma tu kilichoharibika. Kuna wazee, watoto na mbuzi wanaongoja. Na difu haifi ghafla. Hutoa dalili siku nyingi kabla, ila dalili zenyewe ni ndogo na watu huzipuuza.

DIFU HUFANYA KAZI GANI?

Nguvu ya injini huja nyuma kupitia propela. Ndani ya difu kuna gia ndogo iitwayo pinioni, nayo huzungusha gia kubwa iitwayo krauni. Hapo nguvu hugeuzwa kona, kisha hafushafti mbili huipeleka kwenye magurudumu. Kwa pikapu nyingi za kazi, propela huzunguka karibu mara 4 ili gurudumu lizunguke mara 1. Ndiyo maana gari linaweza kuvuta mzigo mzito kwenye mchanga.

Meno ya pinioni na krauni hukandamizana na pia huteleza yakisuguana. Msuguano huo huleta joto. Kinachoyaokoa meno ni utando mwembamba wa oili kati ya chuma na chuma. Oili pia huchukua joto na kulipeleka kwenye tumbo la difu, na upepo unaopita chini ya gari hulipoza.

Magari ya mashindano yanayokimbizwa kwa muda mrefu, mengine huwekewa pampu na rejeta ndogo ya kupoza oili ya difu. Sisi hatuna rejeta hiyo. Garissa jua la mchana hufikisha nyuzi 35 na zaidi, na kwenye mchanga gari hutambaa polepole, kwa hiyo hata upepo wa kupoza ni mdogo. Yetu ni oili safi ya kutosha, mzigo wa kiasi na dereva mwenye subira.

JOTO HUTOKA WAPI?

1. Oili kupungua. Meno yakikosa oili husagana chuma kwa chuma.

2. Oili kuzidi. Wengine hudhani nyingi ndiyo bora. Hapana. Ikizidi, gia huipiga mpaka itoe povu. Povu halilainishi vizuri, na oili hutafuta pa kutokea.

3. Oili isiyofaa. Oili ya injini si oili ya difu. Kwenye mkebe tafuteni maandishi GL-5, kisha fuateni namba iliyo katika kitabu cha gari, kwa mfano 80W-90 au 85W-140. Magari mengine yana difu ya kujibana yenye sahani za msuguano ndani. Hiyo ina oili yake maalumu, kwa hiyo ulizeni kabla ya kununua.

4. Tairi zisizolingana. Tairi mpya upande mmoja na iliyoisha upande wa pili hazizunguki sawa. Gia ndogo za ndani, ambazo zimewekwa kwa ajili ya kona, hufanya kazi safari nzima hata barabara ikiwa imenyooka.

5. Kuzungusha gurudumu kwenye mchanga. Gari likikwama na gurudumu moja likasimama, lile lingine huzunguka mara mbili ya kasi yake ya kawaida. Zile gia ndogo huungua kwa dakika chache tu. Shukeni, chimbeni, wekeni matawi au mbao chini ya tairi. Mkipunguza upepo wa tairi ili kupita mchangani, ujazeni tena mkifika barabara ngumu.

6. Mzigo kupita kiasi. Hilo tutalizungumzia peke yake hapo chini.

KWA NINI OILI HUVUJA?

Oili huzuiwa na sili: moja pale propela inapoingia, na nyingine mwisho wa kila hafushafti, karibu na gurudumu. Sili ni mpira. Joto likizidi, mpira hukauka na kupasuka. Oili hupungua, joto huongezeka, na sili huzidi kuharibika. Ni kama moto na kuni.

Lakini kuna sababu nyingine ambayo wengi hawaijui. Juu ya ekseli kuna tundu dogo la kupumulia. Mafundi huliita brida. Hewa iliyo ndani ya difu ikipata joto hutanuka, na hutoka kupitia tundu hilo. Likizibwa na vumbi au matope, hewa hukosa njia na kuisukuma oili kwenye sili. Basi mtu hununua sili mpya, inavuja. Ananunua nyingine, inavuja vilevile. Anamlaumu fundi, na kumbe kilichohitajika ni kusafisha tundu lile.

Pia, kama beringi imelegea, shafti hucheza na kuila sili. Shafti nayo huweza kuchimbika mahali sili inapogusa. Kwa hiyo mkibadilisha sili, mwambieni fundi aangalie vitu vitatu: tundu la kupumulia, beringi na shafti.

Oili inayovuja kwenye gurudumu ni hatari zaidi, kwa sababu huingia kwenye breki na gari likakosa kushika. Mkiona unyevu upande wa ndani wa tairi, nuseni. Oili ya difu ni nzito na harufu yake ni kali. Ikiwa majimaji ni mepesi na maji ya breki yamepungua kwenye chupa yake, basi ni breki inayovuja. Vyovyote vile, gari lisibebe watu mpaka litengenezwe.

KAZI YA KILA WIKI

Kazi hii haichukui muda mrefu. Ifanyike asubuhi, gari likiwa limepoa na limesimama mahali tambarare. Zuieni magurudumu kwa mawe. Mtu asiingie kamwe chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

Kwanza, angalieni mchanga chini ya gari kabla halijaondolewa. Kuna doa? Liko katikati au karibu na gurudumu?

Pili, futeni kwa kitambaa mahali pa kila sili. Wiki ijayo mtajua kama unyevu ni mpya au ni wa zamani.

Tatu, safisheni tundu la kupumulia. Kifuniko chake kisishikwe na matope. Fundi anaweza kuweka mpira mrefu unaopanda juu, ili vumbi na maji visilifikie kwa urahisi.

Nne, fungueni nati ya kujazia oili na mwingize kidole. Kwa magari mengi oili inatakiwa kufika ukingo wa chini wa tundu. Ikiwa chini ya hapo, ongezeni, na mtafute ilikotokea. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, na ni lazima imwagwe. Ikiwa na vipande vya chuma, mwiteni fundi.

Siku ya kubadilisha oili, fungueni kwanza nati ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Ile ya juu ikikataa kufunguka huku mmeshamwaga oili yote, gari halina oili wala halina safari.

Tano, andikeni kwenye daftari: tarehe, kilomita, mmeona nini, mmeongeza kiasi gani. Tone moja leo si neno. Lakini daftari likionyesha kwamba kila wiki mnaongeza, hapo mna tatizo, na mmelijua mapema.

Njiani, dereva akipumzika, amwage matone machache ya maji juu ya tumbo la difu, mbali na sili. Yakichemka papo hapo, joto limefika nyuzi 100 au zaidi. Angoje ipoe, aangalie oili, apunguze mwendo. Akiona kitovu cha gurudumu moja kina joto kuliko cha upande wa pili, achunguze breki au beringi ya upande huo.

MZIGO: NANI ANAAMUA?

Hapa tunaomba mfikiri pamoja. Tuchukue mfano wa mazungumzo haya:

"Mama mwenyekiti, gari inatoa oili huko nyuma."
"Lakini inaenda?"
"Inaenda, mama, lakini..."
"Basi peleka maji kwanza, mwanangu. Watu wana kiu. Oili tutaangalia mwisho wa mwezi."

Mama huyu si mtu mbaya. Anawahurumia watu wake. Lakini tupige hesabu. Lita 1 ya maji ni kilo 1. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20. Mitungi 50 ni kilo 1,000, yaani tani nzima, na pikapu nyingi za kazi zimetengenezwa kubeba kama tani moja, nyingine pungufu. Sasa kikundi kikipakia mitungi 70 ni kilo 1,400. Wakipanda watu 6 wa kilo 60 kila mmoja, mmeongeza kilo 360. Jumla ni kilo 1,760. Siku difu ikivunjika, nani atalaumiwa? Dereva.

Tunasema bila kuficha: mzigo huamuliwa kwenye mkutano. Kamati isome kitabu cha gari, iandike idadi ya mitungi na watu, na kila mwanachama aijue. Tena dereva apewe ruhusa ya kusema "gari haliendi leo" bila kuogopa kufukuzwa. Safari mbili za mitungi 40 huleta mitungi 80. Safari moja ya 70 isiyofika haileti hata kikombe. Na kwenye pesa za kila safari, tengeni kidogo kwa ajili ya oili na sili. Bei ya sili ni ndogo sana ukiilinganisha na krauni na pinioni. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

WAKATI WA MAFURIKO

Tunakumbuka Novemba 2023 na tena Aprili 2024, Mto Tana ulipofurika na maji yakafunika barabara upande wa Madogo. Laga nazo hujaa kwa ghafla. Difu iliyo moto ikiingia kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia tundu la kupumulia na sili. Gari hutoka likiwa zima, na baada ya wiki chache meno na beringi huanza kuliwa. Kama gari limezama mpaka ekseli, angalieni oili kabla ya safari nyingine. Difu ya mbele nayo msiisahau. Na kama maji yanakwenda kwa nguvu, msiingie kabisa. Hakuna mzigo unaostahili roho ya mtu.

OILI CHAKAVU

Msiimwage chini, hasa karibu na kisima au silanga. Iwekeni kwenye mtungi wenye kifuniko na alama, mbali na watoto, na mtungi huo usitumiwe tena kwa maji wala maziwa. Itakuwa aibu kikundi cha maji kikichafua maji yake chenyewe.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kikundi chetu, nani ana jukumu la kukagua gari kila wiki? Akisafiri, nani anashika nafasi yake?
2. Gari letu limeandikiwa kubeba kilo ngapi? Je, sisi hupakia ngapi?
3. Dereva wetu akisema gari lina shida, sisi humjibu vipi?
4. Tunatenga kiasi gani kwa matengenezo kwa kila safari? Zinatosha?

Mkimaliza kujadiliana, msitawanyike hivi hivi. Chagueni mtu mmoja, mpeni daftari na kitambaa, na mkubaliane siku ya ukaguzi wa kwanza ndani ya wiki hii.