SOMO: SARSINA, KIJIDUDU CHA TUMBO LA MTU NA MNYAMA

Mfugaji humwacha ndama jioni akiwa mzima, ameshiba maziwa. Alfajiri humkuta amelala ubavu, tumbo limevimba kama ngoma, roho imekwisha kumtoka. Watu husema amelishwa sumu, na jirani huanza kushukiwa. Yapo magonjwa kadhaa yawezayo kuua hivyo. Somo hili lahusu kisababishi kimoja ambacho ni adimu na hakijulikani na wengi, nacho ni bakteria aitwaye sarsina.

Kijidudu chenyewe

Sarsina aligunduliwa mwaka 1842 mjini Edinburgh, Uskoti, na John Goodsir, mtaalamu wa anatomia, alipochunguza kwa hadubini matapishi ya mgonjwa. Chembe zake hujipanga nnenne au nanenane, mithili ya furushi lililofungwa kwa kamba. Jina lake la Kilatini lina maana hiyo hiyo ya furushi.

Bakteria huyu hupatikana udongoni. Hahitaji hewa ya oksijeni, na huvumilia ukali wa tumbo ambao huua vijidudu vingi. Chakula chake ni sukari; akiichachua, hutoa gesi. Chakula kipitapo tumboni kwa mwendo wake wa kawaida, sarsina huweza kupita bila kuleta madhara. Hatari huja chakula kinapokaa tumboni kupita kiasi, kwani hapo hupata malisho na muda wa kuongezeka.

Madhara kwa mifugo

Wanaoathirika zaidi ni ndama, wana-kondoo na wana-mbuzi wanyonyeshwao kwa ndoo au chupa. Tumbo la nne, ambalo hupokea maziwa, hujaa gesi, na kuta zake huvimba na kuvuja damu. Mnyama hukataa kunyonya, husaga meno, hupiga teke tumbo lake, na huweza kufa katika muda wa saa chache. Mwaka 2000 watafiti wa Norwei walieleza kuwa waliona bakteria wa namna hii katika wana-kondoo waliokufa kwa kuvimba tumbo la nne. Katika majaribio mengine, ndama walionyweshwa mchanganyiko wa maziwa ya unga, wanga wa mahindi na glukosi walipata uvimbe kama huo.

Uvimbe huu si ule wa ng'ombe mkubwa aliyekula majani mabichi, ambao hukaa katika tumbo la kwanza. Kwa hiyo kumtoboa ndama ubavuni kwa kisu hakufai. Gesi haiko hapo, na jeraha huweza kumwaga uchafu ndani ya mwili.

Madhara kwa binadamu

Kwa binadamu ugonjwa huu ni nadra. Huwapata hasa wale ambao tumbo lao huchelewa kumwaga chakula, kwa mfano kwa sababu ya kidonda kilichoziba njia, kisukari au upasuaji wa zamani. Dalili zake ni maumivu, kujaa tumbo na kutapika chakula kilicholiwa muda mrefu uliopita. Mara chache tumbo hutoboka. Mtu mwenye dalili hizo apelekwe hospitali, ili kitafutwe pia kile kinachozuia chakula.

Jambo la Sierra Leone

Kati ya mwaka 2005 na 2018, sokwe zaidi ya 50 walikufa katika hifadhi moja nchini Sierra Leone. Walivimba tumbo, wakatapika, wakayumba na kupata degedege. Mwaka 2021 watafiti walitangaza kuwa maradhi hayo yana uhusiano mkubwa na sarsina wa aina mpya, tofauti na yule wa Goodsir. Waliwahimiza wataalamu wawe macho kwa watu na kwa wanyama.

Wajibu wa mwanachama na wa chama

1. Ndama apewe kwa siku maziwa yapatayo sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Mwenye kilo 30 apewe lita 3, zigawanywe mara mbili au tatu, kwa saa zile zile.
2. Maziwa ya unga yachanganywe kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji. Yasizidishwe unga, wala yasitiwe uji au sukari.
3. Ndoo na chupa zioshwe kila baada ya kutumika, na zisiwekwe chini penye udongo.
4. Mnyama aliyekufa ghafla asipasuliwe wala kuliwa, kwani huenda ni kimeta. Afisa mifugo aitwe mara moja.
5. Katibu aandike kila kifo daftarini: umri wa mnyama, alichokula, kiasi na saa. Daftari humsaidia mtaalamu kupata ukweli, na humlinda jirani asisingiziwe.

Maswali ya kujadiliwa katika vikundi

(a) Kwa nini mlo mmoja mkubwa ni hatari kuliko milo midogo miwili au mitatu?
(b) Ni wanachama wangapi hupima maziwa ya ndama, na wangapi hukadiria kwa macho?
(c) Ndama aliyekufa mwisho katika chama alikula nini, na saa ngapi? Kama hakuna ajuaye, daftari lianzishwe leo.