Kuingiza Altezza getini bila kukwangua tumbo: uzoefu wangu wa Mbinga

Lami ya kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay imebadilisha magari tunayoyaona huku kwetu. Njia iliyozoea malori na Land Rover leo inapitwa na gari la chini, likishuka kutoka milima ya Umatengo hadi Ziwa Nyasa, lililo mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari. Tabu imebaki kwenye mita chache za mwisho, unapotoka barabarani kuingia uani. Nyumba zetu ziko kwenye miteremko, barabara imeinuliwa kwa tuta, na kati yake na geti kuna mtaro. Hapo ndipo bampa huchubuka na sampu hupasuka.

Naendesha Toyota Altezza, na nyumba yangu iko upande wa juu wa barabara. Hivi ndivyo ninavyofanya.

Pima kwanza

Watu huogopa urefu wa mpando, lakini kinachoumiza gari ni kona. Chini, ardhi inapoinuka ghafla, pua hugonga. Juu, inapolala ghafla, tumbo hukaa. Altezza ina sentimeta 14 hivi kutoka ardhini hadi tumboni, na mita 2.67 kati ya tairi za mbele na za nyuma. Kwa vipimo hivyo, kona ya juu ikizidi nyuzi 12 hivi, tumbo linaweza kugusa hata mpando ukiwa mfupi.

Huna haja ya kupiga hesabu. Chukua mbao nyepesi iliyonyooka ya futi 12. Igongelee miguu miwili ya sentimeta 12, iachane kwa mita 2.67, na upande wa mbele mbao itokeze kwa urefu ulio kati ya kitovu cha tairi na ncha ya bampa. Sentimeta mbili nimezipunguza kwa sababu gari likibeba watu hushuka. Isukume mbao pale tairi zitakapopita: ikigusa, gari nalo linaweza kugusa.

Panda kimshazari

1. Shusha abiria na mizigo mizito.
2. Fungua geti lote, uingie kwa pembe ili tairi moja ya mbele itangulie. Ukikata kwa nyuzi 45, mpando wa moja kwa tano gari hulipanda kama wa moja kwa saba.
3. Tumia gia namba moja, au L kwa otomatiki, mwendo wa mtu anayetembea.
4. Achia breki kabla pua haijafika kwenye kona. Ukifunga breki, springi za mbele hubonyea na pua hushuka wakati unapohitaji nafasi zaidi.
5. Mtu akuangalizie uvungu akiwa pembeni, kamwe asisimame mbele wala nyuma ya gari.

Kutoka nako ni kimshazari. Mvua ikinyesha, udongo wetu mwekundu huteleza, na tairi ya nyuma iliyoinuka itazunguka bure. Usikanyage mafuta zaidi. Rudi taratibu, umwage kokoto, ujaribu tena.

Mbamba Bay ina jambo lake: mchanga. Tairi zikizama sentimeta sita, zile 14 zimebaki nane. Egesha kwenye ardhi ngumu, utembee hadi ziwani.

Rekebisha geti lenyewe

Mbao na viroba vya mchanga vilivyokaa imara chini ya mpando vitakusaidia leo. Dawa ya kudumu ni kuigawa kona. Jaza chini, chonga juu, ili kila upande kuwe na kipande cha mita tatu chenye nusu ya mwinuko. Zege la moja kwa mbili kwa nne, yaani saruji, mchanga na kokoto, linatosha. Kabla halijakauka, lichore mistari ya kukata mpando kwa ufagio mgumu ili tairi zishike. Limwagilie maji siku saba, na gari lisipite kabla ya hapo.

Lakini usizibe mtaro. Wamatengo hulima miteremko mikali kwa ngolo, mashimo yanayokamata maji ya mvua yasiondoke na udongo. Anayejenga geti naye aanze na maji: weka kalavati chini ya njia yako, la sivyo mvua itabomoa zege lako na kuingia kwa jirani. Kwenye barabara kuu omba kibali TANROADS, na mitaani nenda TARURA.

Kazi hii haimfaidi mwenye Altezza peke yake. Bajaji iliyombeba mgonjwa, mzee mwenye mkongojo na kijana mwenye toroli la maji wote hupita hapo. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba, kwa hiyo pima sasa, na kufikia Oktoba zege liwe limeshamwagwa.