MTU MWENYE ULEMAVU NA HAKI YA KUFANYA KAZI

Wapo Wakristu wema ambao wakimwona asiyeona ameketi mlangoni pa kanisa humpa sadaka upesi, na jambo hilo ni jema. Lakini mtu huyo huyo akienda ofisini kwao siku ya Jumatatu na vyeti mkononi, akiomba kazi, huambiwa arudi wiki ijayo, na wiki hiyo haifiki. Sadaka apewa, ujira anyimwa. Twapenda leo kueleza mafundisho ya Kanisa juu ya neno hili, maana wengi hudhani kwamba kumwajiri mtu mwenye ulemavu ni huruma tu, kumbe ni haki.

Mwaka 1981 Papa Yohane Paulo II alitoa barua juu ya kazi ya binadamu, iitwayo Laborem Exercens, kwa ukumbusho wa miaka 90 ya barua ya Papa Leo XIII, Rerum Novarum. Alifundisha kwamba thamani ya kazi haitoki kwanza katika kitu kinachotengenezwa, bali katika mtu anayekitengeneza. Naye hakuliacha fundisho hilo likaelea hewani. Sehemu ya 22 ya barua hiyo yahusu watu wenye ulemavu waziwazi: kuwapokea kazini wale tu walio wazima kabisa ni kumkana binadamu mwenzetu, ni ubaguzi wa wenye nguvu na afya juu ya walio dhaifu. Maneno haya ni mazito. Hayasemi juu ya msaada; yasema juu ya dhuluma.

Sheria ya nchi nayo si kimya. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1982 iliwadai waajiri wenye wafanyakazi 50 au zaidi watenge asilimia 2 ya nafasi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 iliongeza: mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3. Mwenye watu 100, basi, awe na watatu. Wala halazimishwi kumchukua asiyejua kazi. Sheria yamtaja mwenye sifa.

Neno hili latugusa sisi Wakatoliki kuliko wengine. Shule ya kwanza ya viziwi katika nchi hii ilifunguliwa na Kanisa letu, Tabora, mwaka 1963. Tumewafundisha watoto hao kusoma, kuhesabu na kushona. Wakiisha kuhitimu, waende wapi? Tunazo hospitali, shule, viwanda vya kuchapa na ofisi za majimbo. Kila mtunza hazina na aifungue orodha yake ya mishahara, ahesabu mwenyewe.

Watu husema gharama ni kubwa. Mara nyingi sivyo. Kiziwi aandikiwe maagizo kwenye karatasi, na wenzake wajifunze ishara chache. Mwenye ualbino asipangiwe kazi ya juani, na meza yake isielekee mwanga mkali, kwa kuwa macho yake hayauvumilii. Penye ngazi mbili mlangoni, fundi mwashi aweka mteremko wa saruji kwa siku chache. Asiyeona aweza kutumia kompyuta inayomsomea maandishi kwa sauti. Kilicho kigumu zaidi, kwa maoni yetu, ni ile aibu ya bosi anayeogopa wageni watasema nini wakimkuta mtu wa namna hiyo mapokezini.

Tena wako wazazi. Mtoto aliyefichwa chumba cha uani hawezi kuwa karani hata sheria ikiwa nzuri namna gani. Akina baba na akina mama, mpelekeni shule pamoja na nduguze, na nyumbani mpeni kazi yake: achote maji, achambue mchele, atunze hesabu ya kuku. Na akifika umri wa kuomba kazi, msimwandikie barua ya kuomba aonewe huruma. Ataje katika barua yale anayoyaweza, aambatishe vyeti vyake, na aombe asailiwe kama wengine wote.