Kutoka Kuchuma Karafuu Hadi Kushika Duka Kariakoo

Wanachama wengi wana kijana aliyevuka bahari kwenda Dar es Salaam, naye yumo dukani Kariakoo. Yafaa wazazi wajue kazi hiyo huendaje, kwani wengine huuza mikarafuu ili kumpa mtaji, na mkarafuu mpya hauzai kabla ya miaka 6 au 7.

Safari hizi zilizidi katika miaka ya 1980. Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu zetu kwa ajili ya sigara zake, ilijitosheleza kwa mashamba yake, bei ikaanguka. Wakati huohuo, tangu 1984, Serikali ya Muungano ililegeza masharti ya kuingiza bidhaa kutoka nje. Mchumaji aliyelipwa kwa pishi akaona heri auze nguo kwa doti.

Aghalabu mgeni haanzi na duka. Hupokewa na jamaa yake, akalala huko na kula huko, akafagia, akabeba marobota, akajifunza bei za jumla na rejareja za Mtaa wa Kongo. Mshahara wake mara nyingi huwekwa na mwenye duka. Akionekana mwaminifu hupewa mali kauli, yaani bidhaa za kuuza kwanza na kulipa baadaye, bila hati ila neno lake. Hapa ndipo mtu hupanda au huanguka.

Tuseme amepewa mashati 100 kwa shilingi 8,000 kila moja, akayauza kwa 10,000. Mkononi ana 1,000,000, lakini zake ni 200,000 tu, na humo hajatoa kodi ya fremu, chakula wala ushuru. Mchumaji amezoea kuwa fedha ya jioni ni yake yote. Akipeleka nyumbani 300,000 za harusi, amekwisha kula 100,000 za watu. (Nasi tunaomwandama kwa harusi tuna sehemu yetu.)

Kupata fremu yake mwenyewe ni jambo jingine. Huenda akadaiwa kilemba, mbali na kodi. Mzazi asitoe fedha kabla ya kuona mkataba wa maandishi, na jina la biashara limeandikishwa BRELA kwa jina la mwanawe, si la dalali.

Tena kuna moto. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko kuu liliungua. Mwenye mali kauli akiunguliwa, bidhaa huondoka, deni hubaki. Basi muulizeni kijana kama ana bima, na daftari lake la madeni mlione, kabla hamjauza mkarafuu hata mmoja.