Mwanafunzi Ajulikane Kwanza

Tangu mwaka 1929 kiwanda cha Shituru, hapo Likasi, kilisafisha shaba. Mawe yake si ya namna moja: mengine huyeyuka katika asidi mara moja, mengine hayayeyuki vema yasipochomwa kwanza. Asiyelijua jiwe lake hupoteza asidi bure.

Je, mwalimu wa wakatekumeni apangeje somo lake? Yapata mwaka 400, shemasi Deogratias wa Kartago alimwandikia Agostino, Askofu Mwafrika, akilalamika kwamba mafundisho yake marefu yamchosha hata yeye mwenyewe. Agostino alimjibu kwa kitabu kizima. Kwanza, mgeni aulizwe amekuja kwa sababu gani, na somo lianzie katika jibu lake. Hata jibu la uongo lafaa kuwa mwanzo. Msomi asirudiwe ayajuayo.

Na apigaye miayo? Asikaripiwe, bali aambiwe neno la kumchangamsha. Afadhali zaidi, apewe kiti. Jambo hili Agostino hakulipata vitabuni. Alifundishwa na mtu wa shamba, mwanafunzi wake, aliyechoka kusimama, akataka kwenda zake, wala hakusema kwa nini.