Fungasha Begi Ukiwa Bado Mbinga

Shangazi yangu alikuwa anakwenda Muscat kumtazama mwanawe aliyejifungua. Akabeba asali ya Umatengo, lita nzima, na kopo la siagi ya karanga aliyoisaga mwenyewe. Aliviweka kwenye begi la mkononi akiogopa visipasuke huko chini na mizigo mingine. Songea alipita navyo. Uwanja wa pili vikabaki kwenye meza ya ukaguzi, naye akafika kwa mzazi mikono mitupu. Bado inaniuma, kwa sababu vingefika salama kabisa vingefungwa vizuri na kutiwa kwenye begi kubwa.

Kwa hiyo familia inayotoka Mbamba Bay, Liuli au Mbinga mjini kwenda nje ya nchi ifungashe kwa kufuata uwanja wenye masharti makali kuliko yote njiani. Kuruhusiwa uwanja wa kwanza hakukulindi kwenye uwanja wa pili.

Kinachowakwamisha wengi ni vimiminika. Agosti 2006 polisi wa Uingereza walivumbua njama ya kulipua ndege zinazokwenda Marekani kwa mabomu ya maji yaliyofichwa kwenye chupa za vinywaji. Tangu hapo viwanja vingi duniani vinataka kila chombo kisizidi mililita 100, na vyote vienee kwenye mfuko mmoja angavu wa zipu, wa lita moja, kwa kila abiria. Kinachopimwa ni chombo, si kilichomo: chupa ya losheni ya mililita 400 iliyobaki tone moja itakataliwa. Na usidanganywe na neno lenyewe. Chochote kinachopakwa, kinachomwagika au kinachochoteka kwa kijiko huhesabiwa humo: asali, samli, siagi ya karanga, achari, mafuta ya mgando, dawa ya meno. Kuna viwanja vilivyoweka mashine mpya na kulegeza, lakini usivitegemee kama unabadilisha ndege njiani.

Mifuko hiyo ya zipu haikuguswa na marufuku ya mifuko ya plastiki ya hapa Tanzania iliyoanza Juni 1, 2019. Ukishapita ukaguzi itunze, usiitupe.

Mwenye mtoto mchanga asihangaike. Maziwa na uji wa mtoto wa kutosha safari huruhusiwa hata vikizidi kipimo, vivyo hivyo dawa za maji ukiwa na cheti cha daktari. Ila vitoe mwenyewe, uviseme kabla hujaulizwa.

Usiku wa kuamkia safari tandika mkeka sebuleni, kila mtu amwage begi lake hapo. Anza na mifuko ya watoto. Mtoto wa ziwani hakosi ndoana na mshipi; wa milimani ana manati shingoni, na manati hairuhusiwi ndani ya ndege. Bastola ya plastiki nayo ibaki nyumbani. Mweleze taratibu kwa nini, maana mtoto anayenyang'anywa kitu chake mbele ya foleni hulia mpaka mlangoni mwa ndege. Kisu cha kumenyea maembe, mkasi na nyembe viende begi kubwa.

Pawabenki ni kinyume chake: ni marufuku begi kubwa, lazima iwe mkononi, kwa kuwa betri zake zikishika moto lazima watu wawepo wa kuuzima. Ya 20,000 mAh ni kama wati-saa 74, nayo inapita. Kikomo cha kawaida ni 100.

Usipa mkavu hauna neno kwa wakaguzi, bali nchi unakokwenda inaweza kuukataa, kwa hiyo uliza mapema. Uufunge tabaka tatu, ndani karatasi, kwani harufu yake haina adabu kwenye shati la mtu. Mbasa wa barafu usimbebe mkononi: barafu ikiyeyuka ni maji. Kahawa ya unga inapita, ingawa kwa safari ya Marekani unga unaozidi mililita 350 ni bora uende begi kubwa.

Kisha pima. Mashirika mengi huruhusu kilo 7 mkononi, mengine zaidi. Soma tiketi yako. Sisi wakulima wa kahawa hatukosi jirani mwenye mizani ya kuning'iniza.

Mwisho, mfuko wa vimiminika na kompyuta vikae juu kabisa, vitoke kwa mkono mmoja. Pasi zote zishikwe na mtu mzima mmoja, kwenye pochi ya shingoni. Na asali ya mzazi: chupa ya plastiki, mfuniko uzungushiwe gundi ya karatasi, mfuko, kisha izungushiwe kitenge katikati ya begi kubwa.